Mguu wa Kushoto wa Mwanaruka

Batuli mwanangu,

Salamu zako utazipata kwa mdomo kesho stesheni, mbele ya watu, zile za kukumbatiana na kuombeana dua. Hapa sikusalimu, hapa nakujibu. Jana uliniuliza swali mbele ya sinia la biriani, nami nikajitia kwenda kuangalia chai. Uliniuliza, "Mama, kwani mjomba amekukosea nini?" Jibu ndilo hili, na nalitia kwenye begi lako chini ya mkebe wa visheti, kwa sababu nakujua, mkono wako utafika humo kabla treni haijafika Mariakani.

Nakuandikia nawe umelala mbele yangu. Tumeshaswali alasiri, feni inazunguka na ule mlio wake, na mikono yako yote miwili iko juu ya mto, viganja wazi, hina haijakauka. Ulikuja baada ya chakula ukakaa mkekani, ukaninyoshea mikono bila kunitazama usoni. "Nipake," ukasema. Hilo ndilo lilikuwa neno lako la kwanza kwangu tangu jana. Nikachukua koni ya hina nikaanza. Hukuangalia ninachochora, uso ulikuwa umeugeuzia dirishani, na kabla sijamaliza ukawa umeshasinzia kwa uchovu wa kufunga mizigo. Ni vizuri, kwani ungeangalia ungeuliza, na kwa mdomo nisingeweza kuyasema haya.

Habari za sweta na baridi ya Nairobi sitakwambia. Wamekwambia watu wote, mpaka muuza madafu wa kona. Neno langu ni moja tu: nina wivu.

Si wivu wa mchezo. Ni ule unaokaa kooni kama mwiba wa samaki, ukimeza unauma, ukikohoa hautoki. Namwonea wivu kaka yangu Athmani, mjomba wako, na nakuonea wivu wewe. Nimeuficha miaka yote kwa kusema kichwa chaniuma, ama nimechoka, ama leo jua ni kali. Watu wa nyumba hii wameniamini na kunipa panadoli. Kichwa changu hakina kasoro yoyote, Batuli, na hata baba yako hajui.

Jana mjomba wako alikula akashiba, akajifuta ndevu, nikajua sasa ataanza. Penye wageni lazima aanze. Akakushika bega.

"Nyinyi mwamuona huyu? Aenda Nairobi kuchora komiki, kampuni nzima yamngoja. Sasa mwajua kaitoa wapi hiyo? Katika ukoo huu wachoraji ni wawili. Wa kwanza mimi, wa pili huyu."

Halafu akaisimulia tena, ile ile: jinsi alivyokuwa kijana mdogo akisoma komiki za kizungu, za watu wenye nguvu za ajabu, akajiuliza mbona hakuna hata mmoja wa Mji wa Kale, akakaa akamzua Mwanaruka, mwanamke wa buibui anayeruka kutoka paa hadi paa kuwatetea wanyonge. Wewe ukawa unamtazama kwa yale macho. Macho yale mimi hujanitazama nayo hata siku moja, na mimi ndiye niliyekuzaa. Ndipo nikasema, "Athmani, wewe hata punda wa mkokoteni huwezi kumchora. Masikio utamtia mkiani."

Watu wakacheka. Mkewe alicheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongo na jirani. Walidhani ni utani wa ndugu. Mjomba wako hakucheka. Alinitazama kidogo, akashusha macho kwenye sinia, akaanza kula tena ilhali alikuwa ameshashiba. Nawe hukucheka. Ndipo ukauliza lile swali, na sauti yako ilikuwa ya mtu aliyetukaniwa babake.

Basi sikiliza. Mwanaruka ni wangu.

Nimeandika. Ngoja nipumue.

Ni wangu, nilimchora mimi kwa penseli ya shule, nimeketi juu darini nyumbani kwa baba yetu, kabla Athmani hajajua hata kumpa jina. Ni wangu wote isipokuwa mguu wa kushoto, na huo nitaufikia.

Komiki zenyewe zililetwa nyumbani na Athmani, hilo silikatai. Kando ya Marikiti kulikuwa na mzee akiuza vitabu vikuukuu, amevitandaza juu ya gunia karibu na wauza ndizi. Msichana hakuweza kwenda kuchutama pale na wanaume. Athmani alitumwa nazi na bizari, akarudi na nazi, bizari, na komiki ndani ya shati. Zilikuwa zimetoka mbali na kupita mikono mingi, jalada hakuna, na mara nyingi kurasa za mwisho zimeng'oka. Tulipanda darini, tukalala kifudifudi, tukasoma kichwa kwa kichwa. Kiingereza chetu kilikuwa cha kubahatisha, lakini picha hazikuhitaji mkalimani: jamaa anaruka juu ya maghorofa, joho linapepea, ngumi moja, adui chali.

Siku moja nyanya yetu alipanda kuanika pilipili akatukuta. Akaichukua ile komiki, akaiangalia sana, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Huyu mbona kavaa chupi juu ya suruwali?"

Athmani akamwambia hiyo ndiyo nguo ya ushujaa.

"Maskini," nyanya akasema, "hana mama wa kumwambia." Akaturudishia, akateremka zake.

Zile kurasa zilizong'oka ndizo zilizonifanya mchoraji. Athmani akifika mwisho wa karatasi alisema, "Basi, ameshinda," akaenda kucheza mpira. Mimi sikuweza. Hadithi iliyokatwa iliniwasha kama upupu. Nikachukua penseli nikaichorea mwisho wake, kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka siku moja nikajiuliza kwa nini nawamalizia kazi watu nisiowajua, wanaoruka juu ya majumba nisiyoyajua. Nikamchora ninayemjua. Nyanya alikuwa na buibui lile la zamani, pana, la kufungwa kamba kichwani. Akipita kona ya uchochoro upepo ukamshika, nguo yote ilijaa, naye akawa mkubwa kuliko mlango. Joho la Mwanaruka limetoka hapo. Wewe ulilichora vile vile katika kitabu chako, na hukuwahi kumwona nyanya yangu. Athmani alikusimulia vizuri, nampa haki yake.

Mjomba wako hukwambia Mwanaruka amefunikwa uso ili maadui wasimjue. Mimi nilimfunika kwa sababu ya baba yetu. Baba hakutaka picha ya chenye roho ndani ya nyumba; alisema aliyechora ataambiwa siku ya mwisho akitie uhai, naye hataweza. Nikajiambia pengine bila pua na mdomo haitahesabika. Nilikuwa mtoto, najadiliana na Mungu kwa penseli na kifutio.

Adui wake wa kwanza alikuwa Jitu la Makupa, lile linalolala chini ya barabara ya kuingilia kisiwani na kunywa maji ya mji mzima, ndiyo maana mifereji yetu ikifunguliwa hukohoa tu. Na wewe umelichora. Tumbo lako la Jitu ni zuri kuliko langu. Mungu anajua nilivyolichukia tumbo lile.

Sasa mguu. Sikujua kuchora miguu. Wa kulia niliunakili kwenye komiki, kwa sababu wale jamaa wakiruka huelekea upande mmoja. Wa kushoto kila nilipojaribu ulitoka kama muhogo. Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nikaona bora niufiche: mara nyuma ya ukuta, mara ndani ya buibui, mara nyuma ya kamba ya nguo. Hakuna siri nyingine. Yule bwana wa kampuni alipokupigia simu, mimi nilikuwa jikoni na mlango u wazi, nawe simu umeiweka spika. Alikuuliza mguu wa kushoto uko wapi, akasema hicho ndicho kilichomvutia. Ukamjibu, "Hiyo ndiyo siri yake, hata mjomba haijui." Mwiko ukaniponyoka. Kweli haijui, angeijuaje? Siri yenyewe ni mtoto wa kike aliyeshindwa na kisigino.

Baba alizipata zile karatasi chini ya jamvi la darini. Akatuita sote wawili uani, ameshika karatasi mkono mmoja na bakora mkono wa pili.

"Ya nani haya?"

Athmani akasema, "Yangu, baba." Hata hakunitazama. Akachapwa pale pale, na mimi nimesimama nimefumba mdomo. Nilimhurumia. Niliogopa. Lakini ndani ya moyo, pamoja na huruma na hofu, kulikuwa na kitu cha tatu: nilichukia kwamba amesema ni zake. Mtu anapigwa kwa ajili yangu, nami namwonea kijicho kile kipigo. Ndivyo mamako alivyo, ni heri ujue.

Jioni nikampaka mafuta ya nazi mgongoni. "Usiseme kitu," akaniambia. "Ukisema, mimi n'takuwa nimepigwa bure." Karatasi zilikuwa zimeshachomwa kwenye jiko la makaa. Nikanyamaza, na sikujua kwamba nanyamaza kwa miaka mingi kiasi hiki.

Baba alipofariki, Mungu amrehemu, ningeweza kusema. Wakati huo Athmani alikuwa ameshamsimulia mchumba wake, na mchumba amependa, nikaona nitamharibia. Halafu ukazaliwa wewe, ukakua, akakusimulia na wewe. Kila nilipotaka kufungua mdomo palikuwa na mtu anayefurahi, nikaona haya kuwaingilia na uchungu wangu. Mjomba wako hakuiba. Alianza kwa kunikinga, kisha akakizoea kile alichokikingia mgongo, mpaka nikawa nadhani mwenyewe anajiona darini na penseli mkononi.

Mimi nikaingia kwenye hina. Maua hayana roho, na baba kabla hajafa alifurahi kuniona nimetulia. Umekua ukiniona mkekani na mguu wa mtoto wa watu mapajani, mabibi harusi wa Kibokoni, wa Kuze, mpaka wa ng'ambo huko Nyali. Lakini kuna kisa kimoja hukuambiwa.

Nilikuwa bado mgeni wa kazi. Bibi harusi alikuwa msichana wa mtaa wetu, tuliyesoma naye Kurani chuoni, mcheshi sana. Nilipofika kwenye kifundo cha mguu wake wa kushoto maua yakanichosha. Sijui kilinipata nini. Kati ya majani mawili nikamchora Mwanaruka, mdogo kama kunde, anaruka kutoka jani hili kwenda lile. Bibi harusi akainama, akamwona, akabana midomo asicheke.

"Muwate papo papo," akaninong'oneza, nami nikamwacha.

Tungepona, lakini somo yake, yule kungwi wake, akaja. Unawajua masomo, ukiwapa bibi harusi wa kumfunda hawaachi hata kucha bila kuikagua. Akashika taa, akainama mpaka pua ikagusa ngozi.

"Na hichi chenye mato n'ni?" Macho ya Mwanaruka alikuwa ameshayaona.

Vurugu lake sitakusimulia lote. Mtu, juu ya mguu wa bibi harusi! Na wa kwanza kumwona ni bwana harusi, aingie chumbani akute mwanamke mwingine anamkodolea macho! Nikaamriwa nimfunike. Nikachukua piko nikatia doa jeusi kubwa kama shilingi, na yule msichana akaingia kwa mumewe na baka mguuni. Msimu ule hakuna aliyeniita. Hiyo ndiyo mara pekee Mwanaruka alitoka mbele za watu kwa mkono wangu, na aliishi muda wa hina kushika.

Unaona sasa wivu wangu unaketi wapi? Kazi yangu yote hufutika. Nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, watu walishaiosha kwa sabuni kabla fungate haijaisha. Yako inapigwa chapa. Inakaa dukani, mtu wa mbali anaifungua na kukupigia simu. Na ulipoanza, mimi nilikujua kabla hujajijua. Ulikuwa mdogo, uliniletea ukurasa wako wa kwanza, visanduku vimekaa kombo, maneno yametoka nje ya viputo vyake. Nilikuwa naponda tangawizi. Niliutazama mara moja nikaona mkono wako una kitu, na roho ikanishuka badala ya kupanda. Nikakwambia, "Umemaliza kufagia ua?"

Ukaondoka na karatasi yako ukaenda Ndia Kuu, dukani kwa mjomba. Akakutafutia kigoda kati ya vinyago na makasha anayowauzia watalii. Akakununulia wino, akakupa komiki zake zilizobaki, na akakupa Mwanaruka. Ulirudi unaruka ngazi. "Mama! Mjomba amezua shujaa mwanamke!" Nikakwambia ukaoge, magharibi imefika. Nilijidanganya kwamba nakulinda, kwamba kuchora hakumlishi mtu. Kumbe nilikuwa nimekuwa baba yangu, tofauti ni kwamba mimi sikushika bakora.

Kitabu chako kilipotoka ulinipa nakala. Nikasema mashaallah, nikaiweka juu ya kabati. Ulipotoka tu nikapanda nayo darini nikaisoma nikitafuta makosa. Ndiyo, makosa. Nikapata moja: kwenye ukurasa wa uchochoro umeanika kanga zenye pindo upande mmoja tu. Mtoto wa nyumba ambayo kila sikukuu tunashinda Biashara Street kuchagua doti, umesahau pindo! Sijui nikwambieje furaha niliyoipata. Niliteremka nikakaanga viazi vya karai huku naimba, nawe ukaniuliza kuna nini leo. Hilo la pindo lirekebishe, lakini.

Kesho yake nikapanda tena. Safari hii sikupata kosa, kwa sababu nilisahau kulitafuta. Pale Jitu limeshalala, Mwanaruka amesimama juu ya paa, na chini yake mfereji mmoja unaanza kutiririka, kisha wa jirani, kisha ndoo za mtaa mzima zinatoka nje, nililia. Mimi sikuwahi kufikiria maji yarudi. Mwisho wangu ulikuwa ngumi tu, Jitu likianguka basi. Wewe uliwakumbuka wenye ndoo. Na ukurasa wa kwanza umeandika, "Kwa Mjomba Athmani, aliyemwona Mwanaruka kabla yangu." Tangu siku ile nikikifungua kitabu huanzia ukurasa wa pili.

Sasa unakwenda kukaa na watu wanaochora kutwa, na nakwambia mapema, utawaonea wivu. Kutakuwa na mmoja ambaye mstari wake unatoka mara moja, hafuti, na anapiga soga huku anachora. Mimi wivu wangu niliufunika kwa doa kama lile la piko, ukakaa pale pale chini. Wewe ukiuhisi, vuta kiti ukae karibu na mtu huyo, umwulize kalamu yake ni ya aina gani. Siku ya kwanza utaona haya. Mimi miaka yote wivu ulikuwa ukiniambia "hiki nakitaka", nami nikausikia kama unasema "huyu simtaki". Nimepoteza mengi kwa kusikia vibaya. Nimepoteza alasiri zako zote pale dukani, ambazo zingekuwa zangu.

Na ukichora kitu, sema ni chako siku hiyo hiyo, kabla mtu anayekupenda hajajitolea kusema ni chake. Mwizi unampigia kelele. Aliyekupokelea fimbo, unamwanzaje?

Mjomba wako alipita leo asubuhi, wewe ulikuwa umekwenda kuaga mtaani. Amebeba halwa, amesimama mlangoni haingii.

"Jana ulinichoma, Hadija," akasema.

"Bado," nikamwambia.

Akaichezea ile kamba ya mfuko wa halwa. Nilingoja aseme ni utani ulizidi, tuyaache, mtoto asafiri kwa amani. Badala yake akauliza, "Nimwambie mimi, ama utamwambia wewe?"

Nikakaa pale pale kwenye kizingiti. Nilikuwa nimeshakata tamaa kwamba anakumbuka. Anakumbuka yote, Batuli, mpaka rangi ya lile jamvi. Nikamwambia, "N'tamwambia mimi. Angalau hili na liwe langu."

Akaitikia kwa kichwa, akashuka ngazi. Alipofika chini akageuka.

"Lakini fimbo zilikuwa zangu."

"Fimbo ni zako," nikamwambia, "hapana anayekunyang'anya."

Akacheka, kile kicheko chake cha darini. Kwa hivyo ukiniuliza amenikosea nini, sijui nikujibu vipi. Alipigwa kwa ajili yangu. Alikuwekea kigoda wakati mimi nakutuma ufagio. Nampenda, na bado kila anapokushika bega natamani mkono umfe ganzi. Vyote viwili vimeketi sebule moja na hakuna kinachotaka kuondoka. Usimgombeze, na usimpende kidogo kwa ajili yangu. Nipende mimi zaidi, ndilo ombi langu, na ukishindwa basi tugawie sawa kwa sawa, nami nitahesabu.

Utakapoisoma barua hii utakuwa umeshaipukusa hina na umeshaona. Kiganja cha kulia nimekutia maua, yale ya asumini unayoyapenda. Cha kushoto si ua, usiugeuze mkono kutafuta shina. Ni mguu. Ni wa Mwanaruka, wa kushoto, kisigino kimeinuka, kidole gumba kinaondoka kwenye ukingo wa paa. Miguu yote niliyowahi kuiweka mapajani imo humo. Najua sasa mshipa unapita wapi na pale nyuma ya kifundo panapobonyea, najua unyayo wa mtu anayekaribia kuruka unavyojikunja. Nimeuchora mara moja bila kusita, kwa sababu hina haina kifutio. Koni ilipofika katikati ya kiganja ulitekenyeka ukavuta mkono, nikangoja, ukatulia, nikaendelea. Nimeuweka kwenye mkono wa kushoto makusudi, ili wa kulia uwe huru kuunakili.

Wale wa kampuni wakilalamika kwamba siri imekwisha, wamtafutie siri nyingine. Huyu mwanamke amesimama mguu mmoja tangu mimi sijavunja ungo, amechoka.

Jina la mjomba wako usilitoe kwenye ule ukurasa wa kwanza. Lisogeze tu kidogo nipate pa kukaa. Ukitaka kunifurahisha zaidi, langu liwe juu ya lake. Nimeshakwambia nina wivu.

Umeanza kugeuka. Naweka kalamu chini nikushike mkono, usije ukafunga ngumi ukauharibu kabla haujakauka. Hina haitakaa, na kwa mtu wa kunawa kila saa kama wewe itapauka upesi. Unakili mguu kabla haujafutika.

Mamako Hadija,
mchoraji wa kwanza